Mfilipino akisema "pish" badala ya "fish" sio uvivu wa ulimi: uzi wa fonimu na alofoni, Kiingereza na Kitagalogi

mtu_wa_sauti

Wakuu kwema?

Juzi kati kuna mtu kaweka klipu ya dada wa Kifilipino anaagiza "pish pilet", watu wakacheka weee mpaka uzi ukafungwa, wengine oo hawa ndimi zao nzito, oo Kiingereza wamejifunzia ukubwani. Mimi niko Doha, hapa hotelini Wafilipino ni wengi kuliko sisi wote tukijumlishwa, na kabla maisha hayajanileta huku isimu niliisoma chuo, kwa hiyo nimeona nishushe uzi tuelewane. Nitaandika kwa awamu maana naandikia simu, mnivumilie.

Naanza na kitu kimoja, hiki ukikishika mengine yanafuata yenyewe. Mdomo wa binadamu unatoa sauti nyingi mno, ila hakuna lugha inayozitumia zote. Kila lugha inachagua tofauti zipi zibebe maana na zipi zipite tu. Ukibadilisha sauti moja na neno likawa lingine, hizo ni fonimu mbili. Kwetu kalamu na karamu, kilichobadilika ni l na r tu na tayari mmoja anaandika mwingine anakula pilau. Hiyo inaitwa jozi ya mlinganuo finyu, ndio kipimo chetu kikubwa.

Alofoni ni pale tofauti ipo kabisa, mashine inaipima, sikio lililofunzwa linaisikia, lakini neno halibadiliki. Ni fonimu ile ile imevaa nguo ya mahali ilipo, ya kazini ikiwa kazini na ya nyumbani ikiwa nyumbani.

Mfano wa Kiingereza ambao kila darasa la fonolojia linaanza nao: weka kiganja mbele ya mdomo utamke pin, halafu spin, lakini tamka kama Mwingereza sio kama sisi. Kwenye pin kuna pumzi inakupiga kiganjani, kwenye spin hamna. P mbili tofauti kabisa! Lakini Mwingereza wa mtaani ukimwambia ana p mbili atakushangaa, yeye anajua moja. Ile yenye mpumuo inakaa mwanzoni mwa silabi yenye mkazo, ile kavu inakaa baada ya s, hazigombanii nafasi hata siku moja. Wanaisimu wanaita mtoano: hii ikiwepo ile haipo. T na k nazo hivyo hivyo, top na stop, kin na skin.

Sasa Kitagalogi, lugha kubwa ya Wafilipino, p yake ni kavu popote, mwanzoni, katikati, kila mahali. Ndio maana Mfilipino akitamka pin bila pumzi, Mwingereza anaweza kabisa kusikia bin, kwa sababu sikio la Mwingereza mwanzoni mwa neno linaitafuta ile pumzi kujua kama ni p au b.

Na f je? Kitagalogi cha asili hakina f. Hakina v, hakina z, hakina th wala dh. Wahispania walivyoingia (makazi yao ya kwanza ya kudumu ni 1565, wakaondoka 1898) maneno yao yalipitia mlango mwembamba: café ikawa kape, fiesta ikawa pista, ventana ikawa bintana, vaca ikawa baka, zapatos ikawa sapatos. Hata jina la nchi, wao wenyewe wanasema Pilipinas. Mwanasarufi wao Lope K. Santos alivyopanga abakada, yaani alfabeti yao, kwenye sarufi yake ya 1940, aliweka herufi 20 tu na f haimo. Herufi za kigeni zimekuja kuingizwa rasmi baadaye, na alfabeti ya mwaka 1987 ina herufi 28.

Kwa hiyo p na f kwa Mfilipino sio alofoni, watu wengi wanakosea hapa. Alofoni ingekuwa f ipo kwenye lugha kama sura ya p. Haikuwepo kabisa. Sikio likikutana na f linaipeleka kwa jirani wa karibu ambaye ni p, zote za midomo, zote hazina mtetemo kooni. Akishaambiwa na mwalimu kwamba amekosea anaanza kuogopa kila p, ndipo unasikia anasema fork akimaanisha pork, na kwenye nchi kama hii kuchanganya hayo mawili ni kesi 😂

Ntarudi, kuna wageni mapokezi.

binti_wa_mvita

Yaani hapo kwenye pin na spin umenigusa. Sisi Mombasa hiyo pumzi si pambo ati! Paa yule mnyama twamtamka kwa pumzi, paa la nyumba halina pumzi. Kaa wa baharini ana pumzi, kaa la moto halina. Nyanya yangu ukikosea hakuelewi au ajifanya hakuelewi. Nyinyi wa bara mwayasema yote sawasawa kisha mwatwambia sisi ndio tuna lafudhi.

mtu_wa_sauti

@binti_wa_mvita asante sana dada yangu, hii ndio nilikuwa naisubiri. Waone wenzangu wa bara: mpumuo ni kitu kile kile kimoja, pumzi inatoka baada ya p. Kiingereza kinao lakini ni alofoni tu. Kimvita kinao na ni fonimu, unatenganisha mnyama na bati. Kitagalogi hakinao kabisa. Hakuna mwenye ulimi mzito hapo, kila mmoja anafuata hesabu ya kwao.

Na chanzo chake kwenye Kimvita kinavutia. Huyo paa mnyama na kaa wa baharini wako kwenye kundi la nomino ambalo zamani lilikuwa na n mwanzoni. Mbele ya p, t, k ile n ikamezwa, ikaacha pumzi kama ushahidi. Paa la nyumba liko ngeli ya li-/ya-, halikuwa na n, halina pumzi. Kiswahili cha bara kimeupoteza ushahidi huo na maandishi yetu sanifu hayauonyeshi pia.

Haya tuendelee na ninayoipenda kuliko zote, ile sauti ya kubana koo. Wanaita kipasuo cha glota. Ukitaka kuipata sema "aa-aa" ya kumkataza mtoto, pale katikati koo linapofunga ghafla, ndio hiyo. Mtu wa London mtaani akisema water au bottle ile t inapotea koo linabana, na hakuna neno linalobadilika. Bottle ni bottle, tofauti ni kwamba umejua ametoka wapi. Kwa hiyo kwa Kiingereza hiyo ni alofoni ya t.

Njoo Kitagalogi sasa. Baga bila kubana mwishoni ni kaa la moto. Baga ukibana koo mwishoni ni pafu. Bata bila kubana ni lile joho la kutokea bafuni (la Wahispania hilo), bata ukibana ni mtoto. Yani ni konsonanti kamili kama k au t, ukihesabu konsonanti zao za asili 16 na yenyewe imo, halafu kwenye maandishi ya kawaida haiandikwi! Vitabu vya sarufi vina alama za kuweka juu ya irabu ila gazetini huzioni, msomaji anajua kwa muktadha. Unaiona tu pale inapofichwa kwenye kistari, mag-aral yaani kusoma, pag-ibig yaani upendo, kile kistari kinasema bana koo hapa usiunganishe.

Na sio kwamba Watagalogi wote wanaibana sawa. Mtu wa Manila anasema tamis, utamu. Mtu wa Batangas kusini kidogo anasema tam-is, ameshikilia ule mbano katikati ambao Manila wameuacha. Mwenzangu mmoja wa Batangas ukitaka kumchokoza mwambie anaongea kama shamba, utaona.

kijana_wa_roysambu

Wasee huku Nairobi hiyo ya kuchanganya sauti ukiongea tunaita kushrab. Msee wa Mlima Kenya akisema "rorry" kila mtu anakufa kicheko lakini Kikuyu haina l bana, ina r pekee, so ni story ile ile ya pish. Swali: hizi fonimu ziko ngapi kwa jumla?

mtu_wa_sauti

@kijana_wa_roysambu ni ile ile kabisa. Idadi: Kiingereza cha Uingereza cha vitabuni kwa kawaida wanahesabu 44, konsonanti 24 na irabu 20 ukijumlisha zile za kuunganika. Kitagalogi cha asili konsonanti 16 na irabu 3. Ndio, tatu, nitaeleza. Sisi irabu 5. Kwa hiyo kwenye ship na sheep, live na leave, Mswahili na Mfilipino wako boti moja, wote tuna i moja tu pale. Na ndio maana walimu wa Kiingereza wanakuomba kwa upole uwe makini unapotaja ufukwe, beach 😅

mwalimu_mstaafu

Mwanangu umeanza vizuri ila hapo kwenye mtoano umepita haraka. Kwa Kiingereza sauti ya h inatokea mwanzoni mwa silabi tu, hat, ahead. Na ile ng' ya sing haitokei mwanzoni, inakaa mwishoni tu. Hazikutani kamwe. Kwa kanuni yako basi h na ng' ni alofoni za fonimu moja. Unakubali?

mtu_wa_sauti

Shikamoo mwalimu. Sikubali, na swali lako ni la zamani, limewasumbua wakubwa. Mtoano peke yake hautoshi. Sauti mbili ili ziwe alofoni za fonimu moja lazima pia zifanane kimatamshi, ziwe ndugu. P ya pin na p ya spin ni ndugu, midomo ile ile, kufunga kule kule, kinachozidi ni pumzi. H na ng' hazina udugu wowote, moja ni hewa inapita kooni nyingine ni nazali, sauti ya puani, inapigwa nyuma ya kaakaa. Kwa hiyo tunasema hazikutani kwa bahati tu ya historia ya Kiingereza. Ile ng' kwanza kwa Kiingereza ilikuwa ni sura ya n mbele ya g, baadaye g ya mwishoni ikaacha kutamkwa, ng' ikabaki yenyewe na sin na sing zikawa maneno mawili.

Na angalia Kitagalogi kinavyolimaliza hilo swali: ng' kwao inaanza neno bila shida, ngayon ni sasa, ngipin ni jino, na h inaanza neno vile vile, hayop ni mnyama. Mwingereza anateseka na ngayon kama anavyoteseka na ng'ombe wetu. Sisi na Wafilipino hapo tunamcheka pamoja.

mwalimu_mstaafu

Marahaba. Hapo sawa. Endelea.

mtu_wa_sauti

Sasa d na r, hapa ndipo utamu ulipo.

Kitagalogi: dami ni wingi, marami ni -ingi. Dunong ni ujuzi, marunong ni mjuzi. Dumi ni uchafu, marumi ni -chafu. Bayad ni malipo, bayaran ni kulipa mtu au kitu. Mmeona? D ikijikuta katikati ya irabu inalegea inakuwa r. Hata neno la "pia", baada ya irabu ni rin, baada ya konsonanti ni din: ako rin, mimi pia, lakini mahal din, ghali pia. Kitagalogi cha zamani d na r zilikuwa fonimu moja yenye sura mbili.

Unataka ushahidi? Maandishi yao ya kale, baybayin, ambayo Wahispania waliyakuta, yalikuwa na alama moja tu ya da na ra. Na alama za irabu tatu tu, a, halafu moja ya i na e, halafu moja ya u na o. Watu hawakuwa na mwanaisimu wala maabara ila waliandika fonimu, alofoni wakaziacha. Mimi hili huwa linanifurahisha kuliko nadharia zote.

Kabla hamjasema haya ni mambo ya Asia huko: mti mrefu, nyumba je? Ndefu. R imekuwa d baada ya n. Ulimi mmoja, ndimi mbili. Tunafanya kila siku hatujui. Tofauti ni kwamba kwetu hizo sauti zinatenganisha maneno sehemu nyingine, kwa hiyo ni fonimu zinazobadilishana kwenye mazingira fulani.

ssebo_wa_kampala

Kwetu Luganda l na r ni kama hiyo d na r yao. Kazi ni omulimu, nyingi ni emirimu. R tunaiandika baada ya e na i tu, kwingine kote l. Shuleni mwalimu alikuwa anatuchapa kwa hiyo kanuni.

mtu_wa_sauti

@ssebo_wa_kampala mfano safi mno, omulimu emirimu, neno lile lile shina lile lile, kilichobadilika ni irabu iliyotangulia. Ila angalia: nyie mmeziandika alofoni zote mbili na mkaweka kanuni, baybayin waliandika fonimu moja. Tahajia ni maamuzi ya watu.

Kuna jambo lingine linaunganisha Kiingereza na hii mada. Mmarekani akisema water unasikia "wara", pretty unasikia "priri". T na d zake zikiwa kati ya irabu, na ya pili haina mkazo, ulimi unagusa ufizi mara moja na kuondoka. Kwake ni alofoni ya t na ya d, ndio maana latter na ladder kwa Wamarekani wengi ni kitu kimoja. Mguso ule ule ndio r ya Kitagalogi. Ndio r yetu pia mara nyingi. Sauti moja, Manila ni r, Chicago ni t. Wafilipino Kiingereza chao kimetoka kwa Wamarekani waliowachukua baada ya 1898, kwa hiyo hili wanaling'amua haraka kuliko sisi tuliofundishwa cha Mwingereza.

Pembeni kidogo: Leonard Bloomfield, Mmarekani ambaye kila anayesoma fonimu lazima akutane naye, mwaka 1917 alitoa kazi kubwa ya Kitagalogi, hadithi na sarufi, aliyoipata kwa kukaa na mwanafunzi mmoja Mfilipino pale Chuo Kikuu cha Illinois. Hakwenda Manila.

shangazi_wa_tanga

Mi nina swali moja tu baba. Ulisema irabu tatu, sasa mbona Wafilipino wanasema e na o vizuri tu, hata majina yao yamejaa o?

mtu_wa_sauti

Shangazi umenipeleka nilikokuwa naenda. Zamani e ilikuwa namna tu ya kutamka i, na o ilikuwa u ya silabi ya mwisho. Mabaki yapo mpaka leo: halo ni mchanganyiko, ukiongeza kiambishi ni haluin, ile o ikitoka mwishoni inarudi kuwa u. Biro ni utani, biruin ni kumtania mtu. Alofoni kabisa hizo.

Halafu Mhispania akaja na maneno yake. Mesa ni meza, misa ni ibada ya kanisani. Oso ni dubu, uso ni mtindo uliopo sokoni. Ukichanganya unaweka sahani juu ya misa. Mzigo wa maneno ya kigeni ukawalazimisha kusikia tofauti ambayo kwanza walikuwa wanaipuuza, na alofoni zikapasuka zikawa fonimu. D na r nazo hivyo hivyo: radyo, regalo, relo, r imeanza kukaa mwanzoni mwa neno ambako zamani ilikuwa nyumba ya d. Tangu hapo kanuni imelegea, Manila utasikia ako din mchana kweupe, na madali, rahisi, haijawa marali.

Na Kiingereza, huyo tunayemfanya hakimu wa wote, kilipita humo humo! Kiingereza cha kale v haikuwa fonimu, ilikuwa f iliyokaa kati ya sauti zenye mtetemo kooni, kama irabu au l. Ndio maana mpaka leo knife ikiwa nyingi ni knives, wolf ni wolves, ni sawa na dami na marami. Baada ya 1066 Wafaransa wa Normandia wakatawala, yakaingia maneno yanayoanza na v, very, veal, vine, na f na v zikaachana. Kwa hiyo Mwingereza anayemcheka Mfilipino kwa f, babu yake alikuwa anahitaji mkoloni kuipata v.

Sisi dh, th na gh tumezipata kwa Mwarabu kwa njia inayofanana, na kazi haijaisha, nusu ya nchi inasema zambi na selasini.

kijana_wa_roysambu

So hiyo "pish" itaisha lini sasa? Si wako na call centre kibao huko?

mtu_wa_sauti

Wako nazo, wanaoajiriwa kwenye hiyo sekta wanazidi milioni moja, na wakufunzi wao wanapiga mazoezi ya f na p, v na b, i fupi na ndefu kila siku. Vijana wa mjini wengi f wanayo bila kufikiri. Kwao ukiwapa jozi kama fan na pan wanasikia mbili, kwa hiyo kwenye vichwa vyao f imeshakuwa fonimu. Mzee wa kijijini bado ni p moja. Halafu usiwaweke Wafilipino wote kapu moja, visiwa vile vina lugha zaidi ya mia: Waibanag wa kaskazini mwa Luzon lugha yao ya asili ina f, v na z, na Waivatan wa Batanes nyumba kwao ni vahay wakati Mtagalogi anasema bahay. Huyo Mwibanag f hajafundishwa na mtu.

Mkitaka kusikia alofoni mpya inazaliwa, sikilizeni neno siya, yeye. Limeandikwa s-i-y-a, ila likitamkwa kwa kasi ni "sha". Tiyan, tumbo, ni "chan". Diyan, hapo, ni "jan". S, t na d zikikutana na y zinageuka. Kwa sasa hiyo sh ni sura tu ya s mbele ya y. Lakini maneno ya Kiingereza yenye sh na ch yanaingia kila siku, shopping, charger, na hayana y yoyote ya kuyasababisha, hapo mtu akiniuliza sh ni fonimu ya Kitagalogi au bado, namuuliza kwanza ni Mtagalogi wa umri gani na anaishi wapi.

Zamu imeanza wakuu, maswali wekeni, nitayajibu nikitoka.